Mafunzo Niliyopata Kando ya Mashine ya Kusafisha Damu

Figo za mume wangu zilishindwa kufanya kazi baada ya shinikizo la damu kuzila kimyakimya kwa miaka. Sasa maisha yetu yanafuata ratiba ya mashine: mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa kama saa nne hivi, damu inatoka mkononi, inachujwa, inarudi. Tumeomba uponyaji na bado tunaomba. Nayaandika haya kwa ajili ya Mkristo mwenzangu ambaye naye anauguza.

1. Kumlalamikia Mungu si kukosa imani

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mwamini wa kweli hanung'uniki. Basi nikamsoma Ayubu upya, sura zote 42, nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali. Ayubu anailaani siku aliyozaliwa. Anataka asimame na Mungu kama watu wenye kesi. Elifazi, Bildadi na Sofari wao wanamtetea Mungu kwa hoja ambazo zingepokelewa vizuri sana mimbarini. Lakini mwishoni Mungu anawakasirikia watetezi wake, anasema mtumishi wake Ayubu ndiye aliyenena sawasawa, na wao wanahitaji kuombewa na huyo huyo waliyemhukumu.

Kisha kuna Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila ile shukrani ya mwisho tuliyoizoea katika zaburi nyingine za maombolezo. Watu wa Mungu wameitunza hivyo hivyo karne kwa karne.

Maji ya kunywa ya mgonjwa wa figo hupimwa. Kuna usiku mume wangu anaamka midomo imekauka, na kikombe cha siku hiyo kimeshakwisha. Usiku kama huo nimemwambia Mungu maneno ambayo nisingeyatamka mbele ya mchungaji. Lakini nilimwambia Yeye. Mtu aliyekata tamaa na Mungu hamsemeshi tena.

2. Ugonjwa hautafutiwi mkosaji

"Mama, chunguzeni nyumba yenu, huenda kuna laana ya ukoo." Nimeambiwa hivyo na watu wanaotupenda. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza vivyo hivyo walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa, katika Yohana 9: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu alilikataa swali lenyewe, akafanya tope kwa mate, akamshughulikia mtu.

Shinikizo la damu huharibu mishipa midogo ya figo. Kulisema hilo waziwazi hakumpunguzii Mungu utukufu. Na yule anayemwambia mgonjwa atoe sadaka nono ili muujiza ushuke, huyo anamwibia, hata akilitaja jina la Yesu mara ngapi.

3. Neema huja ya siku

Sisi ni watu wa Kilimanjaro. Kumwambia mwanaume wa kwetu apunguze ndizi ni jambo zito, lakini ndizi, parachichi na madafu vina potasiamu nyingi, na figo zikishindwa kuitoa, moyo unaweza kusimama. Sasa tunakula kwa kipimo cha siku, na ndipo nilipoelewa habari ya mana jangwani: aliyejiwekea ya kesho aliikuta imeoza, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Nimeacha kuomba nguvu za mwaka mzima. Naomba za Jumanne.

4. Kujibiwa hapana si kuchukiwa

Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, ukabaki. Hilo lilinifariji kidogo. Lililonishika zaidi ni Gethsemane, kwa sababu pale anayeomba kikombe kimwepuke ni Mwana mpendwa mwenyewe, na kikombe hakikumwepuka. Kwa hiyo siwezi tena kuupima upendo wa Mungu kwetu kwa majibu ya vipimo vya maabara. Na Yesu alipofufuka, alimwonyesha Tomaso makovu. Mume wangu, ambaye mkono wake umevimba pale mishipa ilipounganishwa kwa ajili ya mashine, huirudia sana habari hiyo. Hasemi kwa nini, nami simwulizi.

5. Anayekuja kukaa anatosha

Rafiki za Ayubu walifanya jambo moja jema kabla hawajafungua vinywa: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Katika jumuiya yetu yuko mama mmoja anayekuja, anafua, anakunja nguo, anaomba kwa maneno machache, anaondoka. Sijawahi kumsikia akitueleza makusudi ya Mungu.

Ukitaka kumtembelea mgonjwa kama wetu, njoo na unga au kabichi, madafu yaache. Uliza zamu ya mashine ni siku gani. Sisi hutoka nyumbani alfajiri, na tunayemhitaji kuliko wote ni mtu wa kukaa na watoto mpaka waende shule.