UDHAHIRI WA PICHA NA ISTILAHI ZAKE: MFANO WA SOMO LA CHAI KERICHO NA BOMET

1.0 Utangulizi

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, hadhi hiyo hupimwa kwa kazi ambayo lugha inaweza kuifanya. Mkulima wa chai wa Konoin au Belgut anapoonyeshwa kwa projekta picha ya utitiri mwekundu, kiumbe asiyefikia urefu wa milimita moja anayefyonza majani ya chai, ana haki ya kujua iwapo anachokiona ukutani kimo kweli katika jani lililopigwa picha. Makala haya yanafafanua mbinu zinazoifanya picha ionekane kuwa na nukta nyingi kuliko zilizomo katika chombo, na kupendekeza istilahi za kuzielezea.

2.0 Suala la Istilahi

Fasiri ya neno kwa neno huipa dhana hii jina la “azimio”. Fasiri hiyo inapotosha. Azimio ni uamuzi wa kikao, kama lilivyo Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hapa linapendekezwa neno udhahiri, yaani uwezo wa kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana. Udhahiri huo uko wa aina mbili: udhahiri halisi, unaotokana na idadi ya nukta (pikseli) za chombo, na udhahiri wa machoni, ambao ni kile jicho linachokipokea.

3.0 Mbinu

3.1 Kupishanisha mistari. Runinga ya analojia, iliyozimwa nchini Kenya mwaka 2015, ilichora mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa. Jicho liliunganisha nusu hizo mbili likaona picha moja.

3.2 Kusogeza pikseli. Mwaka 1987, Larry Hornbeck wa Texas Instruments alivumbua chipu ya vioo vidogo mno vinavyogeuka ili kuakisi nuru. Katika miaka ya 2000, Hewlett-Packard ilitumia mbinu ya kuisogeza picha kwa sehemu ya pikseli, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuatia. Chipu ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ikionyesha vipande vinne, kila kimoja mahali pake, hupatikana nukta 8,294,400, sawa na idadi ya skrini ya 3840 kwa 2160. Ili kutoa picha 60 kwa sekunde, projekta hulazimika kuonyesha vipande 240. Ni kama kupanda safu mpya za chai katikati ya safu za awali: shamba ni lile lile, ila miche imeongezeka.

3.3 Kugawa pikseli. Katika skrini bapa, kila pikseli huwa na sehemu nyekundu, kijani na buluu. Teknolojia ya ClearType, iliyotangazwa na Microsoft mwaka 1998, huziongoza sehemu hizo mojamoja ili kingo za herufi zilainike.

4.0 Mipaka ya Mbinu Hizi

Mfano wa safu za chai una kasoro moja muhimu. Mche mpya hupata nafasi yake, ilhali pikseli iliyosogezwa haipungui ukubwa. Hivyo humwaga nuru juu ya jirani zake. Mistari myembamba sana hufifia, na udhahiri wa machoni haufikii ule wa skrini yenye nukta hizo zote kwa asili.

Kikwazo kikubwa zaidi ni chanzo. Kusogeza pikseli hufaa pale tu faili ya picha inapobeba maelezo mengi kuliko chipu. Ikiwa kamera haikumnasa utitiri, projekta haiwezi kumrejesha. Na programu inayobuni nukta za kujazia huweza kuchora kisichokuwepo. Mkulima akinyunyiza dawa kwa ushahidi wa doa lililobuniwa na programu, hasara ni yake.

5.0 Hitimisho

Tofauti kati ya kuwa na kuonekana inaelezeka kwa Kiswahili bila taabu, mradi istilahi ifuate dhana badala ya kufuata umbo la neno la kigeni. Wanafunzi wa Kiswahili, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kabianga kilichozungukwa na mashamba ya chai, wana uwanja wa utafiti karibu nao: kuyajaribu maneno haya mbele ya wakulima wenyewe, na kuyaacha yale yatakayoshindwa kueleweka.