SOMO LA SITA: KABLA YA KULIPIA KOZI YA MTANDAONI, ULIZA MTIHANI UNAFANYIKAJE

Lengo la somo

Somo hili linamsaidia mlaji kupima thamani ya kozi inayotolewa kwa njia ya mtandao, kujiepusha na udanganyifu katika mitihani, na kudai haki zake pale teknolojia ya kusimamia mtihani inapomkosea.

1. Unachonunua ni nini hasa?

Zamani, mkazi wa Ifakara, Mang'ula au Mlimba aliyetaka kujiendeleza kielimu alilazimika kuacha kazi na familia na kuhamia penye chuo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya mwaka 1992, kilipunguza mzigo huo. Mwanafunzi alisoma akiwa kwake, kisha akasafiri hadi kituo cha mkoa, kama kile cha Morogoro, kufanya mtihani mbele ya msimamizi. Leo zipo kozi nyingi, za ndani na za nje ya nchi, ambazo ada, masomo, mtihani na cheti vyote hupitia kwenye simu.

Urahisi huo ni neema. Hata hivyo, mlaji atambue kwamba fedha yake hainunui video na vitini pekee, kwani vingi vya namna hiyo hupatikana bure. Anachonunua ni ushahidi kwamba anaijua kazi fulani, na ushahidi huo hutokana na mtihani. Mtihani ukiwa legevu, cheti hubaki karatasi tu, hata kwa yule aliyesoma kwa bidii usiku na mchana.

Tuchukue mfano wa muuguzi wa zahanati ya kijijini katika bonde la Kilombero anayetaka kulipia kozi ya kujiendeleza. Mwajiri wake hatakuwapo anapofanya mtihani, wala mama atakayemletea mtoto mwenye homa. Wote wawili watakiamini cheti. Katika mji kama Ifakara, wenye Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko na Taasisi ya Afya Ifakara, uzito wa imani hiyo unaeleweka vyema. Dozi ya dawa nyingi za watoto hukokotolewa kwa uzito wa mtoto, na anayekosea hesabu hiyo hawezi kuokolewa na alama alizotafutiwa na mtu mwingine.

2. Hatua tatu kabla ya kulipa

Hatua ya kwanza: thibitisha kwamba chuo kinatambuliwa. Kwa vyuo vikuu, uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ambayo pia hushughulikia utambuzi wa shahada zilizotolewa na vyuo vya nje. Kwa vyuo vya kati na vya ufundi, uliza Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Taaluma yako ikiwa na baraza lake, kama ilivyo kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, uliza huko pia. Uthibitisho upatikane kwa mamlaka yenyewe, si kwa nembo iliyobandikwa kwenye tangazo.

Hatua ya pili: uliza mtihani unafanyikaje, na uombe majibu kwa maandishi:
(a) Chuo kinajuaje kwamba anayefanya mtihani ndiye aliyesajiliwa?
(b) Nani husimamia, mtu au programu ya kompyuta?
(c) Je, upo mtihani wa vitendo, na hufanyika wapi?
(d) Mtandao au umeme ukikatika katikati ya mtihani, mwanafunzi hupewa nafasi nyingine?
(e) Asiyeridhika na matokeo hukata rufaa kwa nani, na kwa muda gani?

Chuo makini hakichukizwi na maswali haya. Ukiambiwa kwamba kila anayelipa hufaulu, funga mkoba wako.

Hatua ya tatu: hesabu gharama nzima. Kamera inayorusha picha kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 450 kwa saa. Mtihani wa saa tatu utahitaji zaidi ya gigabaiti 1.3, mbali na data ya mtihani wenyewe. Wakati wa masika, umeme unapoyumba na Mto Lumemo unapofurika, usiutegemee mtandao wa nyumbani peke yake. Tafuta mapema mahali penye mtandao wa uhakika, chaji vifaa vyako, na andika pembeni namba ya dawati la msaada la chuo.

3. "Tunakufanyia mtihani"

Matangazo ya watu wanaouza kazi za darasani, au wanaojitolea kumfanyia mtu mtihani kwa malipo, yameenea. Biashara hii imevuka mipaka. Nchini Kenya, vijana wengi wasomi wamejipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayofanya uuzaji wa kazi hizo katika England kuwa kosa la jinai.

Mlaji anayenunua huduma hii hana pa kulalamika akitapeliwa, kwa kuwa makubaliano ya kutenda jambo lisilo halali hayatambuliwi na sheria. Zaidi ya hayo, aliyemuuzia anajua siri yake na anaweza kurudi kudai fedha zaidi wakati wowote. Nayo siri hudumu kwa muda tu. Mwezi Aprili 2017, uhakiki wa vyeti ulibaini watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Wengi wao walikuwa wameshafanya kazi kwa miaka kadhaa.

4. Mashine inapokutuhumu

Vyuo vingi hutumia programu zinazolinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi mengine, na nyingine zinazokisia kama kazi imeandikwa na akili mnemba. Programu hizi husaidia, lakini hukosea. Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walipima programu saba za aina ya pili. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza zilidhaniwa kuwa ni kazi ya mashine, ilhali ziliandikwa na watu wenyewe. Mwanafunzi wa Kitanzania anayesoma kwa Kiingereza alizingatie jambo hili.

Kwa hiyo, tunza rasimu zako zote zikiwa na tarehe, pamoja na madondoo uliyoandika kwa mkono. Ukituhumiwa, omba kuoneshwa ushahidi na kusikilizwa na binadamu, ikiwezekana kwa mahojiano ya ana kwa ana kuhusu kazi hiyo. Aliyeiandika kazi yake huweza kuieleza.

Kamera ya mtihani nayo huchukua sura yako, sauti yako na chumba chako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa hizo zinakusanywa kwa sababu gani. Uliza zitatunzwa wapi, na kwa muda gani.

5. Pa kupeleka malalamiko

Anza na chuo chenyewe, kwa barua au barua pepe, na utunze nakala na risiti. Usiporidhika, nenda TCU au NACTVET kulingana na aina ya chuo. Tangazo la kupotosha liripotiwe Tume ya Ushindani (FCC), na matumizi mabaya ya taarifa zako yaripotiwe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ujumbe wa kitapeli unaokutaka utume ada kwenye namba ya mtu binafsi uutume kwenda 15040, pamoja na namba iliyoutuma. Kama fedha imeshatoka, toa taarifa polisi na kwa kampuni yako ya simu bila kuchelewa.

Maswali ya kujipima

1. Taja mamlaka mbili unazoweza kuziuliza kabla ya kulipia kozi.
2. Kwa nini mtu aliyesoma kwa bidii huumia pale chuo chake kinapoendesha mtihani legevu?
3. Ukituhumiwa kutumia akili mnemba ilhali umeandika mwenyewe, utatoa ushahidi gani?