Kazi Niliyoidharau: Mafunzo Niliyopata Katika Uandishi

Vijana wanaoandika siku hizi hunijia na maswali mazuri kuliko niliyokuwa nayo mimi. Wanauliza habari za mikataba, haki za filamu, tuzo. Mimi enzi zangu niliuliza swali moja tu: picha yangu itakaa jalada la mbele au la nyuma? Haya hapa niliyojifunza baadaye. Chukua yanayokufaa.

1. Makala ya kulipia kodi si adui wa riwaya

Nilipoanza nilijiita mwandishi wa riwaya. Makala za gazetini nilizihesabu kuwa kibarua, kitu cha kulipia kodi ya chumba huku kazi yenyewe ikisubiri mezani. Kazi hiyo ilikuwa riwaya ya manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga, na mhusika wangu mkuu alikuwa mtu wa hotuba. Kila akikata jani moja la mkonge, anatoa kurasa mbili juu ya dhuluma ya mkoloni.

Ndipo mhariri akanituma Korogwe kumhoji mzee mmoja aliyewahi kuwa manamba. Nilikwenda shingo upande, nikitegemea angalau kuongezewa hotuba. Mzee hakutoa hata moja. Alizungumzia kipande. Ilikuwa kadi ya siku 30 za kazi: ukimaliza ngwe yako, siku inatiwa alama, usipoimaliza, jasho lako la siku hiyo halihesabiwi na mshahara unasogea mbele. Alinieleza walivyokificha kisilowe mvua, na jinsi mwezi wa kalenda ulivyoweza kwisha huku wa kipande bado haujafika nusu. "Mwezi wetu ulikuwa mrefu kuliko wa mbinguni," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Hotuba zangu zote hazikuufikia ule mwezi mrefu. Niliporudi Dar es Salaam nilitupa nusu ya mswada, na nusu iliyobaki nikaanza kuiuliza maswali: huyu mtu alilala wapi, alikula nini, karatasi yake aliiweka mfuko gani? Riwaya inaishi kwa mambo madogo ya kweli, na hayo huyapati chumbani. Unayapata kwa kwenda, kuuliza, kisha kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda kwa muda mrefu.

Kilichonishangaza ni kwamba wakubwa wetu walilijua hili zamani. Shaaban Robert aliyeandika Kusadikika ndiye huyo huyo aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, na ndiye aliyetuachia habari za maisha yake mwenyewe. Ken Walibora alikuwa mtangazaji na mwanahabari, na bado akatupa Siku Njema. Mimi nilisoma riwaya zao na kuruka hayo mengine, kama mtu anayekula nyama na kumwaga mchuzi.

2. Uliza: asilimia kumi ya nini?

Mkataba wangu wa kwanza niliutia saini kwa kalamu ya kuazima, bila kuusoma, nikihofia mchapishaji asije akabadili mawazo. Nilichoshika kichwani ni "asilimia kumi". Ya nini, sikuuliza.

Chukua kitabu cha shilingi 10,000. Mrabaha ukipigwa kwa bei ya jalada, unapata 1,000 kwa kila nakala. Ukipigwa kwa fedha inayomfikia mchapishaji, na duka limekwisha kukata asilimia 40, zinabaki 6,000, na chako ni 600. Asilimia ni ileile kumi. Wangu ulikuwa wa mia sita.

Soma pia vifungu vya nyuma, vile vya maandishi madogo: tafsiri, redio, filamu, na kitabu kikiisha madukani haki zinarudi kwa nani. Usiseme hadithi yako haitafika huko. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999. Filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ikaja 2021. Hiyo ni miaka zaidi ya ishirini. Unapotia saini leo, unamtilia saini pia mzee utakayekuwa.

3. Usiandikie mtihani

Shule ndiko kuliko na soko, sitakudanganya. Kitabu kikiteuliwa kusomwa sekondari, kinauza nakala ambazo muuza vitabu wa pale Posta hawezi kuziota. Kwa kulijua hilo, niliandika riwaya yenye rushwa, UKIMWI, ndoa za utotoni na mgongano wa matabaka, kila kimoja na sura yake, na tajiri mmoja niliyempa kitambi kabla sijampa jina. Mpwa wangu, wakati huo yuko kidato cha nne, akaisoma upesi upesi.

"Nzuri, mjomba," akasema. "Maswali yake naweza kuyajibu hata bila kuisoma."

Haikuteuliwa. Sasa mtazame Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, kisha shule zilezile zikaja kuifundisha. Naye hakukaa kuirudiarudia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitoa Nagona na Mzingile, na mpaka leo wahakiki wanakuna vichwa. Kamati hubadilika, na kitabu kilichoandikwa kuifurahisha kamati ya mwaka huu huondoka nayo.

4. Kumbukumbu zako zina wenyewe wengi

Nilipoandika habari za utoto wangu, nilieleza kwa uchungu jinsi baba alivyouza shamba letu. Dada yangu mkubwa hakunisemesha tangu Ramadhani mpaka Mfunguo Tatu. Nilidhani amekasirika kwa kuwa nimetoa siri. Kumbe nilikosea jambo lenyewe: aliyeuza shamba ni mama, kwa hiari yake, ili kunilipia ada ya shule.

Tangu hapo huwasomea ndugu zangu kurasa zinazowahusu kabla hazijaenda kwa mhariri. Siwaombi ruhusa, nawaomba masahihisho. Katika riwaya mama angeweza kuwa baba na hakuna ambaye angeninunia.

5. Peleka kazi, na usome masharti

Muhammed Said Abdulla, baba wa Bwana Msa, alijulikana kupitia shindano la uandishi. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda kwanza, ndipo ikachapishwa mwaka 1960. Leo ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na ipo ile ya Kiswahili iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Mswada wa kabatini haushindani na mtu.

Ila masharti yasome. Shindano moja lilinitoa kabla hata hadithi haijasomwa, kwa sababu lilikataza jina la mwandishi kuonekana popote. Mimi langu nililiweka juu ya kila ukurasa, kwa herufi nzito.