Ahadi ya Mgombea na Kitabu cha Katiba

Mwezi wa Juni 2022 nalikwenda kuwasikiliza wagombea katika uwanja wa soko letu. Mmoja wao, aliyetaka kuwa mwakilishi wa wadi, alisema, "Mkinichagua, nitaajiri walimu wawili wa Fizikia katika shule yenu." Nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha, maana Kidato cha Tatu kilikuwa kimekaa muhula mzima bila mwalimu wa somo hilo.

Kesho yake nikayasimulia hayo darasani. Mvulana mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, wewe uliajiriwa na mwakilishi wa wadi?"

Sikuwa na jibu ila kucheka. Jioni nikaifungua Katiba ya 2010, ambayo (naona haya kukiri) nilikuwa nikifundisha habari zake bila kuisoma yote. Kifungu cha 237 chasema kuandikisha na kuajiri walimu ni kazi ya Tume ya Kuajiri Walimu. Kisha nikatazama Jedwali la Nne, linalogawanya kazi baina ya serikali ya taifa na serikali za kaunti. Shule za msingi na za sekondari, pamoja na vyuo vikuu, ziko upande wa taifa. Kaunti zimepewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, kadhalika masoko na barabara za kaunti. Mwakilishi wa wadi naye hutunga sheria za kaunti, na huchunguza kazi ya gavana na wasaidizi wake.

Basi nikatwaa karatasi, nikaandika vyeo sita tulivyongoja kuvipigia kura tarehe 9 Agosti: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Chini ya kila cheo nikaandika kazi yake kama ilivyo katika Katiba, na kando yake ahadi nilizosikia kwa masikio yangu. Lo! Nyingi zilikuwa kazi za cheo kingine. Habari zilizokuwa zikiletwa kwenye simu yangu usiku na mchana sikuziandika; zilisifu na kutukana, kazi hazikuitaja.

Nilipokutana na yule bwana nikamwuliza. Akasema alikuwa na maana ya kutuombea walimu.

"Kuomba ni neno jema, bwana. Mbona hukulisema?"

Akacheka, akaenda zake.

Mvulana yule hakuwa ametimiza miaka 18, kwa hiyo hakupiga kura. Lakini barua ya kuomba mwalimu tuliipeleka kwa Tume, na aliyeiandika kwa mkono wake ni yeye.