Upimaji wa Maadili ya Vijana katika Jamii za Kiislamu: Tatizo la Kipimo na Lugha

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna maadili ya vijana wa jamii za Kiislamu yanavyopimwa, hususan kwa kipimo kilichoasisiwa na Lawrence Kohlberg katika tasnifu yake ya mwaka 1958. Kohlberg aliwahoji wavulana 72 wa eneo la Chicago, na hatimaye akaziainisha hoja za kimaadili katika hatua 6. Inadaiwa hapa kwamba kipimo hicho, kikitumiwa bila kurekebishwa, huweza kumhesabu kijana mwenye hoja pevu kuwa mtiifu wa amri tu.

2.0 Kisa cha Heinz na Fikihi

Katika kisa mashuhuri cha Kohlberg, mhojiwa huulizwa iwapo Heinz aibe dawa ili kumwokoa mkewe anayekufa kwa saratani. Kijana aliyesoma chuoni kwa shehe huweza kujibu kwamba dini inamruhusu kuichukua, ila ailipe baadaye. Jibu hilo lina misingi miwili ya fikihi, nayo imo katika al-Majalla, sheria za kiraia za Dola ya Uthmaniya (1869–1876): dharura huhalalisha kilichokatazwa (kifungu cha 21), lakini haibatilishi haki ya mwingine (kifungu cha 33). Mchanganuzi anayesikia maneno "dini inamruhusu" huelekea kuliweka jibu hilo katika hatua ya 4, yaani ya kushika sheria na mamlaka. Kumbe ndani yake uhai umepimwa dhidi ya mali, na mwenye mali hakudhulumiwa. Snarey (1985), baada ya kupitia tafiti 45, alionyesha kwamba baadhi ya hoja za jamii nyingine hazikupata nafasi katika mwongozo wa Kohlberg.

3.0 Haya na Aibu

Tatizo la pili ni la lugha. Katika Kiswahili, aibu ni fedheha impatayo mtu mbele ya watu. Haya ni sifa ya ndani inayomzuia hata akiwa peke yake, na katika mafundisho ya Kiislamu huhesabiwa kuwa sehemu ya imani. Hojaji ya Kiingereza hutumia neno moja mahali pa yote mawili. Mfasiri akichagua "aibu", kinachopimwa ni hofu ya macho ya watu. Mbinu ya kurudisha tafsiri katika lugha chanzi, iliyopendekezwa na Brislin (1970), haitoshi kufichua kosa hilo, kwa kuwa maneno yote mawili hurudi kwenye neno lile lile.

4.0 Hitimisho

Yafaa hojaji ianzie katika msamiati wa jamii yenyewe: haya, heshima, amana, utu. Aidha, mambo mawili yapewe alama mbalimbali: mamlaka anayoyataja kijana, na muundo wa hoja yake. Bila ya kuyatenga, tofauti ya lugha na elimu itaendelea kuandikwa kuwa upungufu wa maadili.