Sisi na Wao: Somo Juu ya Taasubi

Ndugu mmoja aliyesilimu si muda mrefu ametuletea swali ambalo kwa kweli ni ungamo zaidi kuliko swali. Anasema kwamba kabla hajaingia katika Uislamu alikaa vizuri na jamaa zake. Alikula nao, alicheka nao, alizika nao. Sasa kila aendapo kwao hujikuta akiwatazama kana kwamba ni watu wa namna nyingine. Baba yake mkubwa akizungumza, yeye husikia makosa tu. Nao jamaa hawakukaa kimya, bali humtupia ile methali, "Mwacha asili ni mtumwa." Basi anauliza: Je, ukali huu ninaouona moyoni mwangu ni alama ya imani inayokua, au ni ugonjwa?

Tunajibu bila kusitasita kwamba ni ugonjwa. Lakini ni ugonjwa wa zamani mno, na wengi wenye kuuugua hudhani ndiyo afya yenyewe. Kwa hiyo yafaa tuutazame kwa utulivu, tujue unavyoanza na unakofika.

Neno na maana yake

Jina lake twalijua katika Kiswahili: ni taasubi. Asili yake ni Kiarabu, katika shina lenye maana ya kufunga na kukaza. Na Waarabu huwaita jamaa wa upande wa baba kwa neno la shina hilo hilo, kwa kuwa wao ndio waliomzunguka mtu na kumkaza kama kitambaa kinavyokaza kichwa. Katika zama za ujahiliya mtu asiye na kabila hakuwa na wa kumtetea wala wa kudai damu yake. Basi mtu alisimama na watu wake wakiwa na haki, na alisimama nao vile vile wakiwa hawana.

Sahaba mmoja alimwuliza Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) kama ni taasubi mtu kuwapenda watu wake. Akajibu kwamba sivyo. Taasubi ni mtu kuwasaidia watu wake katika dhuluma. Jibu hili lahitaji kuzingatiwa sana, kwa sababu wako wahubiri wanaosema kwamba dawa ya mafarakano ni watu wasiwe na kwao. La hasha! Mtu kupenda lugha ya mama yake, mji wake na wazee wake si kosa. Kosa huingia pale mizani ya haki inapoinamishwa kwa ajili ya mapenzi hayo.

Kisa cha kisimani

Katika safari ya Banu Mustaliq, Waislamu walipiga kambi kwenye maji yaitwayo Muraysi. Watu walisongamana kuteka. Kibarua wa Sayyidna Umar (r.a.), jina lake Jahjah, aliyekuwa akiongoza farasi wake, akagongana na mtu aitwaye Sinan, wakapigana. Sinan akapaza sauti kuwaita Ansar. Jahjah akawaita Muhajirin. Kufumba na kufumbua, watu waliokuwa wamesali safu moja asubuhi ile wakaanza kukusanyika pande mbili.

Mtume (s.a.w.) alitoka akauliza kuna nini hata uitwe wito wa ujahiliya, akawaamuru wauache kwa kuwa unanuka.

Hapa pana mambo mawili ambayo msomaji hupita haraka asiyaone. La kwanza, Jahjah alikuwa mtu wa kabila la Ghifari, na Sinan alikuwa wa Juhayna aliyefungamana na Khazraj. Kwa nasaba, huyu hakuwa Mkureshi wala yule hakuwa Mkhazraji! Wawili waliokaribia kuwasha moto hawakuwa, kwa damu, wa upande wowote kati ya pande walizoziita. La pili, majina yenyewe, Muhajirin na Ansar, ni majina ya heshima ambayo Kurani Tukufu imeyataja kwa sifa. Mtume hakuyafuta. Aliwaita kwa majina hayo kabla ya siku ile na baada yake. Kilichonuka si jina bali ni wito, yaani kulitumia jina takatifu kama rungu. Basi mtu asijidanganye kwamba akiisha kupata jina jema taasubi haiwezi kumwingia. Hata jina "Mwislamu" laweza kupazwa kisimani kwa namna ile ile.

Na wako wanaongoja ugomvi wa namna hiyo. Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, aliposikia habari alisema maneno ambayo Sura Al-Munafiqun imeyahifadhi, kwamba wakirudi Madina mwenye nguvu atamtoa aliye dhalili. Angalia: ugomvi wa ndoo umekuwa suala la nani mwenye mji. Mtume (s.a.w.) hakuitisha mkutano wa kulijadili neno hilo. Aliamuru safari ianze saa ambayo hakuwa na desturi ya kusafiri, akawatembeza mchana ule na usiku wake mpaka jua la kesho yake likawachoma, hata walipotua usingizi uliwachukua papo hapo. Kwa maoni yangu hii ni hekima ambayo viongozi wengi wa jumuiya zetu wangefaa kujifunza, maana desturi yetu ni kuitisha baraza na kuwapa nafasi wasemaji wakali.

Jinsi kitu kidogo kinavyotosha

Wengine watasema: Waarabu wale walikuwa na visasi vya karne nyingi, sisi watu wa leo tumestaarabika. Mtaalamu Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyepoteza jamaa zake katika mauaji ya Wanazi, aliichunguza hoja hiyo. Yeye na wenzake waliwachukua wavulana wa shule moja huko Bristol, Uingereza, wakawaonyesha vitone vingi kwa mara moja, wakawataka wakisie idadi yake. Kisha wakawagawa makundi mawili, wakiwaambia kwamba hawa ni wenye kuzidisha na wale ni wenye kupunguza. Kwa kweli mgawanyo ulikuwa wa kubahatisha tu. Wavulana hawakuonana katika makundi hayo, hawakuzungumza, wala hawakujua nani yumo kundi gani. Halafu kila mmoja alipewa kazi ya kugawa vijisenti baina ya wenziwe, asiweze kujipa mwenyewe hata kimoja.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1970 yalionyesha kwamba waliwapendelea wa kundi lao. Lakini jambo la kushangaza zaidi ni hili: walipoweza kuchagua, wengi walikubali kundi lao lipate pungufu ya lile ambalo lingeweza kupata, mradi kundi la pili lipate pungufu zaidi. Yaani haikutosha "sisi" kupata. Ilitakiwa "wao" wazidiwe. Na hao hawakuwa na kisasi, wala ardhi, wala dini iliyowagombanisha. Walikuwa na vitone.

Mtaalamu mwingine, Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki, mwaka 1954 aliwagawa watoto wa kambi moja huko Oklahoma, Marekani, katika timu mbili za mashindano, na baada ya siku chache wakawa wanachomeana bendera na kuvamiana vyumbani. Mahubiri ya kupendana hayakuwapatanisha, wala kula pamoja. Waliishia kurushiana chakula. Walianza kupatana maji ya kambi yalipokatika na ikawabidi wote watafute hitilafu. Huko Muraysi maji yaligombanisha, na Oklahoma maji yalipatanisha. Maji hayana kosa.

Chapa juu ya kitambulisho

Msomaji asidhani tunazungumza juu ya michezo ya watoto. Katika nchi jirani ya Rwanda, Wahutu, Watutsi na Watwa walisema lugha moja, Kinyarwanda, wakakaa kwenye vilima vile vile, wakaoana, na wengi wao wakasali katika makanisa yale yale. Hatusemi kwamba Wazungu ndio waliozua majina hayo, wala kwamba hapakuwa na wakubwa na wadogo zamani. Lakini zamani jina lilihusiana kwa kiasi na mali na cheo, na ilipata kutokea mtu akatoka huku akaingia kule. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ulitoa vitambulisho vyenye kuandikwa kabila la mwenye nacho. Tangu hapo jina likawa chapa, na mtoto akalirithi kwa baba yake. Nchi ikapata uhuru mwaka 1962 na vitambulisho vikabaki.

Mwaka 1993 ikaanzishwa redio iliyokuwa ikipiga muziki mzuri, na katikati ya muziki ikiwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende. Tafadhali simama hapa kidogo. Mtu hamui jirani aliyemwazima jembe. Kwanza humtoa katika jina la jirani akampa jina jingine. Mende hana mama, hana deni wala fadhili. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, vitambulisho vilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja lililopigwa chapa na karani likawa hukumu. Katika muda wa siku 100 hivi watu wapatao 800,000, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, waliuawa, wakiwemo Wahutu waliokataa kushiriki. Na mwisho wa mwezi ule wa Aprili, katika siku moja hivi, watu wapatao 250,000, wengi wao Wahutu, walivuka kwenye daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania. Wauaji walikuwamo, na watoto wasiojua lolote walikuwamo. Aliyewatazama kwa mbali aliona kundi moja tu.

Huko huko Rwanda, Machi 1997, watu wenye silaha waliingia usiku katika shule ya sekondari ya Nyange wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Wanafunzi wakakataa, wakasema wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa pale pale. Vijana hao walikuwa na majina yale yale ya makabila kama wengine. Hawakuyakana wala hawakuyaonea haya. Walikataa wito.

Deraya iliyoibiwa

Sasa turudi kwa ndugu yetu mwuulizaji, maana atasema: Lakini baina yangu na jamaa zangu iko tofauti ya kweli, si vitone wala chapa ya karani. Ni sawa. Tofauti ya itikadi ipo na hatuifichi; Uislamu hauwataki watu wajifanye wanakubaliana. Swali ni kama tofauti hiyo imeharibu mizani yako.

Wafasiri wanasimulia kwamba huko Madina mtu mmoja aliyehesabiwa katika Ansar aliiba deraya, yaani vazi la chuma la vitani, na mambo yalipokaribia kufichuka ikapelekwa nyumbani kwa Myahudi mmoja. Jamaa za mwizi wakaja kumtetea mtu wao. Jambo lilionekana wazi: huyu ni wetu, yule ni wao, huyu anasali nasi, yule hasali. Hapo zikashuka aya za Sura An-Nisa (4:106 na zinazofuata) zikimkataza Mtume kuwa mtetezi wa wahaini, na kumkemea mwenye kutenda kosa kisha akamsingizia asiye na hatia. Myahudi akatoka safi. Kumbuka kwamba siku zile Waislamu walikuwa wachache, na uhusiano wao na Mayahudi wa mji ule ulikuwa na uchungu mwingi. Mwanasiasa angesema huu si wakati wa kuwaaibisha watu wetu.

Na katika Sura Aal Imran (3:114), baada ya kutajwa makosa ya Watu wa Kitabu, inaelezwa kwamba wao si sawa wote, na kwamba miongoni mwao wamo wasimamao usiku kwa ibada. Hili ndilo taasubi isiloliweza. Taasubi huwajua "wao" kwa jumla tu. Haimjui baba mkubwa aliyekulipia karo, wala shangazi anayekesha na wagonjwa wa kijiji kizima.

Basi ndugu yetu ajipime kwa jambo dogo. Akisikia kwamba Mwislamu mwenzake amemdhulumu mmoja wa jamaa zake katika biashara, moyo wake hukimbilia wapi kwanza? Kutafuta ukweli, au kutafuta udhuru?

Juu ya wazazi wasioamini, Sura Luqman (31:16) inaagiza kwamba wakimshurutisha mtu kushirikisha asiwatii, lakini akae nao kwa wema duniani. Asma binti Abubakar (r.a.) alijiwa na mama yake ambaye bado alikuwa mshirikina, akamwuliza Mtume (s.a.w.) kama amtendee wema, naye akamwamuru amwunge. Hakuambiwa kwanza amhubirie, wala hakuwekewa muda.

Kwa hiyo tunamshauri aende kwao, tena asiende mikono mitupu. Sayyidna Umar (r.a.) alipata kupelekewa na Mtume (s.a.w.) vazi la hariri. Akastaajabu, kwa kuwa alikwisha kumsikia akilisema vazi la namna hiyo. Mtume akamweleza kwamba hakumpa alivae mwenyewe, bali aliuze au amvishe mwingine. Umar alikuwa na ndugu huko Makka, naye wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Akampelekea yeye.