SOMO: KUPIMA KAZI YA WAGANGA WETU



Kila mwenye mikarafuu ajua karafuu zinavyopimwa kituoni. Mpimaji hatazami uso wa mwenye gunia, wala hasikilizi sifa zake. Hutia mkono ndani, akatazama ukavu, akatafuta makonyo na mpeta, ndipo akatoa daraja. Lakini mtoto akishikwa na homa, au mchumaji akianguka mkarafuuni, wengi wetu humpeleka popote penye dawa wala tusiulize neno. Je, mtu asiye daktari aweza kupima kazi ya waganga? Aweza, na somo letu la leo ni hilo.

Tanzania Bara ilianza upimaji wa namna hii mwaka 2015. Wizara ya Afya ilipima zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, ikavipa nyota tangu sifuri hata tano. Katika duru ya kwanza, 2015/16, vilipimwa vituo karibu 7,000. Vituo 34 katika kila 100 havikupata hata nyota moja, na 2 tu katika 100 vilipata nyota tatu au zaidi. Kila kituo kilionyeshwa kasoro zake. Duru ya 2017/18 ilikuta visivyo na nyota vimebaki 4 katika 100, na vyenye nyota tatu au zaidi vimefika 20. Kasoro ikijulikana, yaweza kutengenezwa.

Sasa tumfikirie mkulima wa Busunzu, kata ya Wilaya ya Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma. Yeye hana karafuu; ana mahindi, maharagwe na mihogo. Hospitali ya wilaya iko Kibondo mjini, na usiku wa homa mlango wake wa kwanza ni zahanati ya karibu. Hana kumi za kuchagua, kama wengi wetu huku visiwani. Mtu wa namna hiyo ndiye mwenye haja zaidi ya kujua kupima. Na atazame haya:

1. Mganga mwenyewe. Daktari, tabibu na muuguzi huandikishwa na baraza la kazi yao. Kuuliza cheo cha anayekutibu si utovu wa adabu.

2. Mikono. Mwaka 1847, mjini Vienna, Dk. Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika wazazi. Vifo vya wazazi katika wodi yake vilikuwa karibu 18 katika 100 mwezi wa Aprili. Baada ya miezi michache vilikuwa karibu 2. Basi tazama: pana maji na sabuni, na vyatumika?

3. Sindano. Ifunguliwe mbele yako, itumike mara moja tu, kisha itupwe katika sanduku gumu.

4. Kipimo kabla ya dawa. Kigoma ina malaria nyingi, lakini si kila homa ni malaria. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani lasema damu ipimwe kwanza. Mtoto mwenye kichomi akipewa dawa ya malaria peke yake, siku zapita bure naye yumo hatarini.

5. Dawa. Isome tarehe ya mwisho. Usiondoke kabla hujaelezwa kiasi na saa za kumeza.

6. Rufaa. Mganga mwema hatibu kila kitu. Hujua mapema mgonjwa gani ampeleke mbele. Mchumaji aliyeanguka asiyehisi miguu yake asibebwe mgongoni. Alazwe juu ya ubao, shingo isitikiswe, apelekwe hospitali.

Tupime kwa haki. Dawa zikikosekana kwa sababu hazikuletwa, kosa si la muuguzi aliyekesha peke yake. Lakini sindano iliyotumika mara mbili haina udhuru. Neno hilo lipelekwe kwa msimamizi wa zahanati na kwa kamati yake, kwa upole na kwa ushahidi, lisiishie barazani.

Maswali ya kujipima:
(a) Kwa nini kipimo kitangulie dawa?
(b) Ni kasoro gani ya mganga, na ipi si yake?
(c) Zahanati ya kijijini kwako ungeipa nyota ngapi, na kwa sababu gani?